Sugu

Chupa iliniingia mkononi Ijumaa, baada ya sala,
ingali na joto la kwapa la aliyeileta.
Mize Shaame Faki. Miaka thelathini na minne. Wodi ya saratani.
Homa, siku ya tisa tangu dripu ya kemo.
Damu yake ndani ya supu yenye rangi ya chai kavu.
Basi. Huyo ndiye ninayemjua.

Sie wa maabara hatuoni nyuso.
Tunaona mwandiko wa Sista Raya, unaolala upande
zamu ya usiku ikiwa ndefu.

Jumamosi supu ikafanya mawingu.
Kwenye darubini: vijiti vyekundu, vifupi, vinene,
vimesongamana kama Darajani mkesha wa Sikukuu.
Nikavipanda kwenye sahani,
nikaviwekea vikaratasi sita vya dawa,
nikavifungia kwenye joto la mwili wa mtu,
nikenda zangu nyumbani kupika.

Inavyotakiwa ni hivi:
sufuria ina mafuta, unadondosha tone la sabuni,
mafuta yanakimbia, panabaki duara tupu.
Ukiona duara, dawa imeshinda.

Jumapili nikafungua.
Kikaratasi cha kwanza vimekisogelea mpaka ukingoni
kama majani kwenye kaburi lisilo mwenyewe.
Cha pili vilevile. Cha tatu.
Cha nne, ile dawa ya bei, niliinamisha sahani kwenye taa mara mbili
kama mtu anayeutafuta mwezi mwandamo.
Cha tano hakuna.
Cha sita: kijiduara, upana wa shanga.

Nikaandika kwenye fomu: sugu, sugu, sugu, sugu, sugu.

Neno hili nalijua tangu utotoni.
Mama alikuwa nazo viganjani,
miaka ishirini ya kuponda makumbi Bwejuu.
Chungu cha motoni akikiepua bila ya kitambaa.
"Mkono haukuzaliwa hivi," akisema. "Umefunzwa."

Na hivi, nani kavifunza?
Kapsuli zinazouzwa tatu tatu
ndani ya kipande cha daftari la shule.
Mafua. Jino. Mtoto aliyelia usiku mmoja.
Kuku wa banda wanaonyweshwa wasife kabla ya Ramadhani.
Daktari mwenye foleni mpaka ngazini.
Na mie: kwenye mtoto wa meza yangu mna nne za akiba,
nilizoziacha koo lilipoacha kuuma.
Kila mmoja kapiga pigo moja tu, dogo.

Kaka yake yupo dirishani tangu asubuhi, na chupa ya uji.
"Majibu yapo?"
Majibu ni ya daktari, ndugu yangu.
"Ila yapo?"
Yapo.
Akaniangalia usoni, hakuuliza tena.

Dawa ya sita haimo stoo. Daktari Mbarouk anapiga simu Dar,
tena Dar, tena kwa mtu anayemjua mtu.
Boti ya asubuhi, labda.

Nikapanda ngazi. Siku zote sipandi.
Kichwa kakifunga kanga. Hina ya harusi ya mtu
imebaki kwenye ncha za kucha tu.
Alidhani nimekuja kutoa damu,
akaunyoosha mkono kabla sijasema.
Nikaupokea. Chini ya kila kidole, kigumu kimoja.

"Makumbi?" nikauliza.
"Mwani. Kufunga kamba."
Akaugeuza mkono, akautazama kama wa mwenziwe.
"Zimeanza kulainika," akasema,
kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Sabuni ya mlangoni ilikuwa kipande, chembamba kama ukucha.
Nikanawa: vidole, baina ya vidole, vifundo,
mpaka ikaisha,
kisha nikaona haya
kumwachia sahani tupu anayekuja nyuma yangu.